Redio mbili zikiwa moja, msikilizaji anabaki na nini?

Tuangalie jambo lililotokea Marekani. Huko kulikuwa na kampuni mbili tu za redio ya setilaiti: XM na Sirius. Kila moja ilitoza dola 12.95 kwa mwezi. Aliyechoshwa na moja aliweza kuhamia nyingine, ingawa ilimpasa kununua chombo kingine.

Mwezi wa Julai 2008 serikali iliziruhusu kuungana, kwa sharti kwamba bei ya msingi isipande kwa miaka 3. Tarehe 12 Novemba mwaka ule vipindi viliunganishwa. Chaneli mbili zilipofanana, mara nyingi moja iliondolewa. Hivyo wasikilizaji wengi waliwasha redio wakakosa muziki na sauti walizozizoea. Mwaka 2009 bei ya msingi ilibaki ileile, lakini juu yake yaliongezwa malipo ya haki za wanamuziki.

Tunajifunza nini? Sharti lililinda bei, halikulinda sauti. Basi tukiambiwa kwamba muungano una faida kwa wote, tuulize kwanza: msikilizaji asiporidhika, atahamia wapi?