Mgonjwa asiye na makaratasi huko Ubelgiji

Wengi wetu tuko na jamaa Ubelgiji. Tunasikia ya kama wale wasio na makaratasi wanagonjwa nyumbani, wanaogopa hospitali. Tuwaandikie hivi: amri ya mfalme ya tarehe 12 Desemba 1996 inawapa haki ya matunzo ya haraka. Neno «haraka» linadanganya watu, kwani si ajali tu. Hata uzazi na chanjo vinaingia. Munganga anaandika ya kama matunzo yanahitajiwa, CPAS (ofisi ya komini inayosaidia maskini) inachunguza kama kweli mtu hana feza, kisha inalipa. Aende kule mbele ya deni kumfikia. Na ile barua ya munganga ni siri: sheria inakataza kuitumia kwa kazi nyingine isipokuwa malipo.