Stroma: kiunzi au tandiko?

Stroma (nomino, ngeli ya I-/ZI-) limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tandiko. Katika viungo vya mwili hutaja tishu inayoshikilia seli zinazofanya kazi mahususi ya kiungo. Nyumba za asili za Wanyakyusa wa Kyela zatoa mfano ulio karibu: mianzi hutangulia, udongo hufuata. Hapo kiunzi, kutokana na kitenzi unda (kama mlinzi kutokana na linda), ni tafsiri inayofaa. Hata stroma ya konea ya jicho, takriban asilimia 90 ya unene wake, ni nyuzi za kolajeni zilizopangwa tabaka kwa tabaka.

Ugumu huanzia shambani. Ndani ya kloroplasti za jani la mpunga, zao lililoipa Kyela jina, stroma ni umajimaji unaozizunguka thailakoidi. Humo ndimo kabonidioksidi hugeuzwa kuwa sukari. Mwalimu aandikaye “kiunzi cha kloroplasti” humfanya mwanafunzi achore fito mahali penye umajimaji, na alama za mtihani zikapotea bure.

Katika kuvu, stroma ni fungu la haifa zilizosongamana, ambamo hukaa miili izaayo spora; za Xylaria huonekana ngumu na nyeusi juu ya magogo yaozayo. Hapa tandiko lingefaa zaidi, japo halijazoeleka. Kwa matini za mimea na kuvu, heri stroma ibaki stroma: “Stroma ya kloroplasti ina vimeng’enya.”