Digrii ya sanaa bila kuuza shamba la mzee

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, kuna kijana mahali Umoja, Kisauni au Kondele anayeambia wazazi wake anataka kusomea uchoraji, muziki au uigizaji. Nyumba nzima inanyamaza kama ambaye ametangaza msiba. Kisha mzee anauliza swali moja tu: "Na hiyo italipa?"

Swali si baya. Shida ni kwamba huulizwa na mtu ambaye tayari ana jibu lake. Basi tulijibu kwa hesabu.

Mimi mwenyewe nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokauka, na sijarudi. Kwa hivyo sina digrii ya kutetea wala chuo cha kupigia debe. Nina deni tu. HELB, kwa wasiojua, haijali kama ulivaa joho au la. Mkopo wa digrii una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ukitoka bila cheti deni linakufuata vilevile. Ndiyo maana nasema digrii ya bei poa ni ile unayoweza kuimaliza. Karo ya muhula wa kwanza isikudanganye.

Tuanze na vyuo vya umma, maana hapo ndipo pesa kidogo hukufikisha mbali. Kenyatta, pale Kahawa, wana sanaa za uchoraji na ubunifu, muziki, halafu maigizo na filamu, zote ndani ya chuo kimoja. Chuo Kikuu cha Nairobi wana shahada ya ubunifu, ile ya watu wanaotaka kuunda vitambaa, fanicha, matangazo na bidhaa. Technical University of Kenya, ambayo wazee bado wanaiita Poli, wako katikati ya mji na wana ubunifu na muziki. Maseno wana muziki na maigizo, na maisha ya huko si ya bei ya Nairobi.

Ukiwa na C+ na zaidi unaweza kuomba kupitia KUCCPS. Waliojiunga kabla ya 2023 wakidhaminiwa na serikali walilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, kozi yoyote ile. Siku hizo zimepita. Mfumo ulioletwa 2023 unapanga familia kwenye makundi matano kulingana na uwezo, na karo inafuata gharama ya kozi. Sasa hapa ndipo wengi hujichoma: wanajaza fomu ya kuomba ufadhili haraka haraka kwenye saiba, wanaandika mapato ya nyumbani kwa kubahatisha, halafu wanashangaa wamewekwa kundi la matajiri. Kaa chini na mzazi. Jazeni pamoja. Ukiona umewekwa pasipo pako, kata rufaa, usiishie kulalamika TikTok.

Vya kibinafsi navyo viko. USIU wana utengenezaji wa filamu na animesheni, Kabarak wana muziki. Ni kozi nzuri, lakini jua kwamba mfumo wa 2023 ulipoanza, aliyekwenda chuo cha kibinafsi alibaki na mkopo tu, ule ufadhili wa bure ukawa wa vyuo vya umma. Kama mzazi ana uwezo, sawa. Kama ni mkopo juu ya mkopo, mimi ningefikiria mara mbili.

Karo yenyewe ni nusu ya habari. Kitu ambacho hakuna mtu hukuambia siku ya kuripoti ni vifaa. Mwanafunzi wa sheria ananunua vitabu, au anapiga fotokopi, maisha yanaendelea. Wewe wa uchoraji unahitaji turubai, rangi za mafuta, brashi ambazo hazimwagi nywele, na vinaisha. Wa filamu anahitaji kamera, hadi diski za kuhifadhi picha. Wa animesheni anahitaji laptopu yenye nguvu. Hiyo ya kuandikia insha itapiga moto kabla tukio la kwanza halijaisha. Wa muziki anahitaji chombo cha kufanyia mazoezi, na piano huwezi kuiweka kwa bedsitter ya Roysambu, landilodi atakufukuza kabla jirani hajalalamika.

Kwa hivyo chuo chenye karo ya juu kidogo lakini chenye studio iliyo wazi hadi usiku, tanuri ya kuchomea vyungu inayofanya kazi na kamera za kuazimisha, kinaweza kukutoka nafuu kuliko kile cha bei ya chini ambako kila kitu ni juu yako. Pale niliposoma, darasa zima lilingojea kompyuta chache tu zilizokuwa zinawaka, na tulilipia "maabara" kila muhula. Risiti ninazo.

Mahali nako ni pesa. Ukisomea uigizaji Nairobi, Kenya National Theatre iko hapo Harry Thuku Road, mkabala na chuo kikuu, na vikundi vinavyoigizia shule tamthilia za setibuku huhitaji watu kila mwaka. Hiyo ni nauli, ni chakula, na ni jina kwenye wasifu wako kabla hata hujamaliza. Ukisomea mbali unaokoa kodi ya nyumba lakini kazi za wikendi ni chache. Piga hesabu zote mbili.

Kuna njia ambayo vijana wa mjini huidharau: ualimu. Mfumo mpya wa elimu umeweka sanaa na michezo kuwa mkondo mzima wa sekondari ya juu, na Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026. Shule zinazofunza muziki na uchoraji zimekuwa chache miaka yote, na mkondo huo hauwezi kujifunza wenyewe. Mtu mwenye digrii ya elimu iliyobeba muziki au sanaa ana mlango ambao mwenye sanaa pekee hana. Si kila msanii anataka chaki, najua.

Kama alama hazikufika C+, usikimbilie chuo cha kichochoroni kinachotangaza "digrii". Diploma huanzia C-, HELB hukopesha wanafunzi wa vyuo vya kiufundi pia, na baadaye unaweza kupanda hadi digrii. Ng'ambo ya mpaka kuna TaSUBa, Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Wanafunza ngoma, maigizo na muziki kwa kiwango cha cheti na diploma, na masomo utayaelewa bila mkalimani.

Na majuu je? Wangechi Mutu alimaliza digrii yake ya kwanza 1996 Cooper Union, New York, enzi ambazo kila aliyekubaliwa alisoma bila karo. Chuo hicho kilianza kutoza 2014. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alipitia Royal Academy Schools, London, kozi ya miaka mitatu isiyolipiwa karo hadi leo, ila ni ya waliokwisha kupata msingi. Shule ya maigizo ya Yale, alikotoka Lupita Nyong'o 2012, haitozi karo tangu 2021, bilionea David Geffen alipotoa dola milioni 150. Unaona mtindo? Vyuo vya bure kabisa ndivyo vigumu zaidi kuingia, na wanachoangalia ni kazi zako. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini ubalozi utataka kuona pesa za kukulisha mwaka mzima zikiwa benki, na utasoma kwa Kijerumani.

Kabla hujalipa popote nchini, angalia kama kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na CUE. Ya diploma angalia TVETA. Halafu nenda chuoni Jumanne au Jumatano, bila miadi. Usiende siku ya maonyesho, siku hiyo kila kitu huwa kimepakwa rangi. Omba uoneshwe studio. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne, mnunulie chai na mandazi, umuulize ametumia ngapi nje ya karo na wenzake waliotangulia wako wapi saa hii. Akicheka kabla ya kujibu, agiza chai ya pili.