Ndeke ilikawia, mshahara ukakatwa

Baba yetu alifia Kalemie usiku wa Jumapili. Sisi watoto wake wawili tunafanya kazi katika mgodi mmoja hapa Kolwezi. Jumatatu tukapeleka barua kwa mashefu, wakatupa siku nne za kazi, kuanzia Jumanne. Siku hizo si zawadi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ndiyo inazitoa kwa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi.

Mtu atauliza: juu ya nini ndeke, na bei yake ile? Kutoka Lubumbashi mpaka Kalemie ni zaidi ya kilometa 600 kwa anga. Barabara, wakati wa mvua, tusiiongelee. Gari moshi linazungukia Kamina na Kabalo, na hakuna anayeweza kukuambia litafika siku gani. Maiti haingoji gari moshi.

Basi, Jumatatu ile tukapanda busi mpaka Lubumbashi, tukalala kwa shangazi Katuba. Jumanne saa kumi na moja asubuhi tulikuwa Luano. Tukalipa Go Pass, mizigo ikapimwa, tukakaa. Saa nane mchana kijana mmoja wa kampuni ya ndeke akapita mbio: « Ndeke iko na pane. Mukuye kesho. » Ni hayo tu. Hakuna karatasi, hakuna chakula, hakuna pole.

Jumatano ndeke ilikuwepo, tuliiona kwa macho. Lakini ilienda Mbuji-Mayi kwanza, na iliporudi wakasema saa zimepita, itakuta giza Kalemie. Saa tisa baba mdogo akapiga simu: « Batoto, tulingojea sana. Sasa tunamuzika. Musikie. » Akaweka simu karibu na kaburi. Tukasikia mama zetu wanaimba, kisha udongo unaanguka juu ya sanduku. Sisi tuko kwenye benchi, katikati ya mizigo ya watu. Mama mmoja anayeuza mayai akaweka beseni yake chini, akakaa nasi mpaka simu ikakatika. Hakuuliza kitu.

Tulifika Kalemie Alhamisi. Kilio kilikuwa kinaelekea kwisha. Tike ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi. Wakaisukuma mpaka Jumanne, tena bila maelezo.

Mwisho wa mwezi tukaona kwenye karatasi ya mshahara: siku mbili zimekatwa, Jumatatu na Jumanne. Ofisi ya wafanyakazi ikasema haina ushahidi kama ndeke haikuruka. Tukarudi Lubumbashi kuomba hiyo karatasi. Tulienda mara mbili bure. Mara ya tatu dada mmoja wa ofisi yao akatuandikia mistari minne na kupiga muhuri. Ilimchukua dakika kumi.

Kampuni ikarudisha pesa, lakini ikazitoa siku hizo mbili kwenye konje yetu ya mwaka. Hapo wengi wanasema, sawa, yamekwisha. Hayajakwisha. Kwa mtu mzima sheria inahesabu angalau siku moja ya konje kwa kila mwezi mzima wa kazi. Siku mbili ni miezi miwili chini ya vumbi, imelipia pane ya ndeke ya mtu mwingine.

Na sisi tulifika. Wenzetu wa Goma, uwanja wao ulifungwa Januari 2025; aliyefiwa kule azunguke wapi kwa siku nne?

Ndiyo maana tunataka mkataba wa kazi utakaojadiliwa uhesabu siku za njia peke yake, kwa kila mwenye kilio nje ya jimbo. Mashefu watataka mifano. Ndeke ikikawia, ombeni karatasi palepale uwanjani, hata ya mkono, yenye tarehe na jina la aliyeandika. Mliokatwa siku mwaka huu, leteni tike na karatasi ya mshahara kwa delege wenu. Yetu tumeshaziweka kwenye faili.