Nyumba za magurudumu: Wanaohama kwa hiari na waliohama kwa shida

Mfanyabiashara aliyezoea kupita Rusumo, Gatuna au Malaba amewahi kuyaona magari haya kwenye foleni. Kwa mbele ni lori la kawaida, pengine lililostaafu jeshini huko Ulaya. Mgongoni limebeba kitu kama kontena, lakini kontena hilo lina madirisha, mlango na ngazi ya kukunja. Ubavuni limechorwa ramani ya Afrika. Namba zake ni za Ujerumani, Uholanzi au Afrika Kusini, na mara nyingi dereva ni mzee mwenye mvi, mkewe ameketi pembeni na faili la karatasi mapajani.

Swali la watu wa mpakani huwa ni lile lile: huyu amebeba mzigo gani? Jibu ni kwamba hakubeba mzigo, amebeba nyumba. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, friji na wakati mwingine choo. Wenye magari haya husafiri miezi mingi, wengine miaka, wakilala humo humo na kupika humo humo. Wao wanayaita hayo mapumziko.

Kwa msomaji ambaye wazazi wake waliwahi kufunga nyumba nzima ndani ya shuka na kuibeba kichwani, jambo hili laweza kuonekana kichekesho. Mtu mwenye nyumba nzuri ya matofali aiache, aende kulala ndani ya gari? Hata hivyo, historia ya magari haya ina mambo ambayo watu wa mpakani na waliorejea nyumbani watayaelewa upesi kuliko wengine.

Daktari na Mzururaji wake

Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kutembea na nyumba kwa ajili ya starehe ni William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza na baadaye mwandishi wa vitabu vya vijana. Mwaka 1885 alikuwa na gari la mbao lililotengenezwa Bristol, lenye uzito wa karibu tani mbili na kukokotwa na farasi wawili. Alilipa jina la Wanderer, yaani Mzururaji, akaondoka nalo kusini mwa Uingereza hadi Inverness, kaskazini mwa Scotland.

Safarini alikuwa na mwendesha farasi, mtumishi, mbwa na kasuku. Kazi ya mtumishi ilikuwa kutangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuangalia njia na kuwaonya wanaokuja mbele. Wenye malori wa leo wangemwita taniboi.

Lakini wazo la kuishi ndani ya gari halikuwa la daktari huyo. Waroma, watu ambao Waingereza waliwaita Jipsi, walikuwa wakiishi ndani ya magari ya farasi kabla yake, wakifanya biashara ndogo ndogo kijiji hadi kijiji. Wao hawakuitwa watalii. Walitazamwa kwa shaka, wakafukuzwa walipoegesha, wakashtakiwa kwa uzururaji. Daktari alipolipaka gari lake rangi na kuliita Mzururaji, watu walikuja kumpigia saluti. Gari lilikuwa la aina moja. Kilichobadilika ni aliyekuwa ndani.

Magari 41 kutoka Cape Town

Marekani, jina kubwa katika mambo haya ni Wally Byam, aliyezaliwa mwaka 1896. Utotoni alichunga kondoo, na huko malishoni alilala katika kijumba cha magurudumu kilichokokotwa na punda, chenye jiko la mafuta ya taa na ndoo ya maji. Alipokuwa mtu mzima aliunda kampuni ya Airstream, na mwaka 1936 akatoa tela la kulala lililotengenezwa kwa bati la alumini lililopigwa ribiti kama mwili wa ndege. Tela hilo la mviringo, linalong'aa kama sufuria mpya, bado linatengenezwa.

Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matela 41 ya namna hiyo kutoka Cape Town kwenda Cairo. Kila tela lilivutwa na gari lake. Walipita Rhodesia, Congo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 walifika Misri, ambako walipiga picha matela yakiwa yamepangwa duara karibu na mapiramidi. Picha hizo zilisaidia sana kuuza matela Marekani. Zile za magari yaliyokwama kwenye matope, yakivutwa kwa nyaya, hazikupewa nafasi kubwa kama hiyo, ingawa zinaeleza barabara zetu za wakati ule vizuri zaidi.

Haukupita hata mwaka tangu msafara uondoke Congo, nchi hiyo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye jeshi liliasi, na Wazungu waliokuwa wakiishi humo kwa wingi wakakimbilia Uganda, Rhodesia na Ruanda-Urundi. Wengi walivuka na magari yaliyosheheni masanduku, magodoro na watoto. Mtu aliyesimama kando ya barabara mwaka mmoja kabla angeweza kudhani ni msafara mwingine wa starehe. Lakini hawa hawakuwa wakielekea kwenye mapiramidi.

Waliotoka mwezini walilala ndani ya tela

Tela la Byam lilipata kazi nyingine isiyotarajiwa. Julai 1969 wanaanga watatu wa Apollo 11, Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins, waliporejea kutoka mwezini, wataalamu waliogopa kwamba huenda wameleta vijidudu visivyojulikana. Walifungiwa ndani ya tela la Airstream lililobadilishwa kuwa chumba cha karantini. Lilikuwa ndani ya meli ya kivita Hornet, na Rais Richard Nixon alizungumza nao kupitia dirisha lake. Kisha tela lenyewe, na wao wakiwa ndani, likasafirishwa hadi Houston, ambako waliendelea kutengwa.

Madereva wa malori wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, wengi wao walikaa siku kadhaa ndani ya kabini wakisubiri majibu ya vipimo. Malaba foleni ilikuwa ya kilomita nyingi. Rusumo madereva waligoma walipotakiwa kumkabidhi dereva mwingine gari mpakani. Kabini iliyokuwa mahali pa kazi ikawa chumba cha kulala, jiko na karantini.

Na kwa kweli, ukitafuta magari ya kulala yaliyo mengi zaidi katika Afrika Mashariki, usiangalie ya watalii. Angalia lori la mafuta au la saruji. Nyuma ya kiti kuna kitanda chembamba kilichofunikwa pazia. Chini ya tela kuna sanduku la chuma lenye jiko, sufuria, unga na chumvi. Jioni dereva na taniboi wake hukaa kwenye kivuli cha tairi wakisonga ugali. Hakuna anayewapiga picha.

Hoteli ya ghorofa tatu barabarani

Wajerumani nao wana yao. Kampuni ya Rotel, iliyoanzishwa na Georg Höltl wa Tittling, Bavaria, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 imekuwa ikiwasafirisha watu kwa basi lenye sehemu ya kulala. Vyumba ni vidogo mno, vimepangwa kwa ghorofa tatu kama viota vya njiwa, kila kimoja kina kitanda na kidirisha. Jiko liko nyuma. Mchana abiria wanakaa kwenye viti vya basi, usiku wanapanda ngazi kila mtu kwenye kiota chake. Mabasi hayo yamefika Asia na Afrika, na waliolipa nauli ni watu wenye vyumba vikubwa makwao.

Volkswagen nayo ilianza kuunda basi lake dogo mwaka 1950, lile ambalo sisi tunaliita kombi. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ikaanza kuuza vifaa vya kuligeuza chumba cha kulala. Kwetu kombi ilibeba abiria, wagonjwa na watawa. Huko ilibeba magodoro ya vijana waliotaka kuona dunia.

Lakini anayeshinda wote ni Gunther Holtorf, Mjerumani aliyeacha kazi ya usimamizi katika shirika la ndege, akaanza safari barani Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa gari aina ya Mercedes alilolibatiza jina la Otto. Alisafiri na mkewe Christine. Halikuwa lori wala tela. Lilikuwa gari la kawaida la porini, na wao walilala kwenye godoro nyuma ya viti na kujipikia chakula. Christine alifariki mwaka 2010, na Holtorf akaendelea. Safari ilipokwisha mwaka 2014, Otto alikuwa ametembea takriban kilomita 900,000. Gari hilo likapelekwa kwenye makumbusho ya Mercedes mjini Stuttgart.

Gari lenye pasipoti yake

Sasa tuje kwenye lile faili la karatasi, kwani hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani hupata jambo la kujifunza. Gari likiingia nchi ya kigeni, kisheria ni bidhaa. Likibaki na kuuzwa, serikali inadai ushuru. Je, mtalii mwenye lori la thamani kubwa analipa ushuru kila mpaka? Hapana. Wengi wao hubeba kitabu kinachoitwa karne, hati ya gari ya kupitia forodhani, ambayo hutolewa na chama cha wenye magari cha nchi yao.

Kila ukurasa wa kitabu hicho una sehemu tatu. Moja hukatwa na forodha gari linapoingia, ya pili linapotoka, na kipande cha tatu hubaki kitabuni kikiwa na mihuri yote miwili. Mwenye gari kwanza ameweka dhamana ya fedha kwa chama chake. Ikiwa gari halitaonekana limetoka, forodha hudai ushuru wake kwa chama, na chama hula dhamana. Kwa hiyo muhuri mmoja uliosahaulika unaweza kumgharimu mtu maelfu ya dola. Ndiyo maana yule mama ameshika faili mapajani kama mtoto mchanga. Kenya, Uganda na Tanzania huitambua hati hiyo.

Muuza nyanya au maharage anayevuka na kikapu ana karatasi yake pia. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa humu zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Asiyekijua hulipa asichodaiwa, au hupita njia za panya na kupoteza mzigo wote. Mzungu mwenye nyumba ya magurudumu hajui mpaka kutuzidi. Ametutangulia kwa kujua karatasi yake.

Aidha, wageni hawa ni wateja. Friji zao ni ndogo, hivyo hununua kidogo kila siku: mayai, nyanya, ndizi, mkate. Springi zikikatika humtafuta fundi wa kuchomelea. Anayetoka Tanzania kuingia Rwanda kupitia Rusumo hulazimika pia kuhama upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia, na wengi hupumzika kidogo kwanza ili akili izoee.

Daraja moja

Daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa Aprili 2016, na magari haya yanalivuka bila shida. Jirani yake lipo daraja la zamani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivukia hapo kuingia Ngara, Tanzania, katika muda wa saa 24 hivi. Walibeba mikeka, sufuria, madumu na baiskeli. Nyumba zao kambini zilikuwa za miti na shitingi. Desemba 1996 wengi walirudi kwa njia ile ile, na mizigo ya namna ile ile. Kabla yao walikuwako waliokimbia nchi mwaka 1959, na Warundi wa mwaka 1972, ambao baadhi yao walikaa ugenini hadi wakapata wajukuu.

Ukilinganisha, vitu vilivyomo ndani ya lori la mtalii si vingi kuliko vilivyokuwa kwenye vichwa vile. Kitanda, sufuria, maji, moto na picha za jamaa. Tofauti haiko kwenye magurudumu wala kwenye friji. Yule mzee mwenye mvi ana ufunguo mfukoni wa mlango ulio mbali, na anajua kwamba akichoka na barabara mlango ule utafunguka. Ana pia karatasi inayosema gari lake litapokelewa kwao. Aliyekimbia hakuwa na hakika ya mlango, na karatasi mara nyingi iliungua pamoja na nyumba.

Kwa hiyo utakapomkuta Rusumo akiuliza bei ya ndizi, mkaribishe na umuuzie kwa bei ya haki. Akikuonyesha nyumba yake ndani ya lori, itazame vizuri. Kisha rudi kwako jioni, ufungue mlango wako mwenyewe, hata kama bawaba zake zinalia.