Kidole cha Mjomba: Siku Moja ya Kukata Nyasi Tottenham

Wale kati yetu waliosoma shule ya msingi Afrika Mashariki wanakumbuka siku za kwenda shule na fyekeo. Wa Kenya wanaiita slasha, wa Tanzania wengine wanasema kwanja, lakini malengelenge ya viganjani yalikuwa yale yale. Ndiyo maana wenzetu wawili walipopata kibarua cha kiangazi cha kukata nyasi za viwanja vya michezo huko Tottenham, kaskazini mwa London, tuliwaonea wivu. Wao wangekata nyasi wakiwa wamekaa kitini!

Jumamosi moja ya Juni tuliwafuata. Mashabiki wa Victor Wanyama, aliyeichezea Tottenham Hotspur kuanzia 2016 hadi 2020, walitaka tupitie kwanza kwenye uwanja mkubwa, ambao nyasi zake zimegawanywa vipande vitatu vinavyosukumwa chini ya jukwaa la kusini ili kupisha mpira wa Kimarekani. Tukawaambia tumekuja kuona nyasi zisizohama.

Anayewafundisha wenzetu ni mzee wa Muheza. Sote tulimwamkia shikamoo, tukamwita Mjomba. Zamani aliendesha trekta katika mashamba ya mkonge. Kabla ya kutuonyesha mashine alituonyesha mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada hakipo, na cha kati kimebaki nusu.

Asubuhi ile, anasimulia, nyasi zilikuwa na umande. Zikakwama kwenye mdomo wa kutolea nyasi, ubavuni mwa mashine, naye akashuka kuzichomoa kwa mkono. Mashine hizi zina swichi chini ya kiti: dereva akiinuka wakati visu vinazunguka, injini inazimika. Ya kwake ilikuwa imeungwa waya ili isizime. Msimamizi wa kampuni aliyoifanyia kazi wakati huo aliona swichi inapoteza muda kila dereva anaposhuka kuokota chupa.

“Wanangu, nilisikia baridi tu,” alisema. “Maumivu yalikuja baadaye.”

Tangu hapo siku yake huanza na kiti. Anaegesha mashine mahali tambarare, anaivuta breki, anawasha visu, kisha anajiinua kidogo bila kushuka. Injini ikizima, kazi inaendelea. Isipozima, ufunguo unarudi ofisini. Na nyasi zikikwama, anazima injini, anachomoa ufunguo, anangoja visu visimame kabisa, halafu anatumia kijiti.

Baada ya hapo tulitembea uwanja mzima kwa miguu. Tottenham wikendi ya jua huacha mengi: makopo, mifupa ya kuku, kiatu cha mtoto, vipande vya matofali. Ncha ya kisu inaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo kokoto ndogo inayopigwa nayo ni kama risasi. Mtu akikatiza karibu, hasa mtoto, visu vinazimwa. Abiria hapandishwi hata kwa utani (tulijaribu kuomba).

Penye mteremko anapanda na kushuka moja kwa moja, hakatizi kwa ubavu, wala hakati kona katikati ya mteremko. Kingo za mitaro anaziachia mashine ya kusukuma. Lililotushangaza ni mkanda. Nguzo ya kumkinga dereva mashine ikipinduka ikiwa imesimama, funga mkanda. Ikiwa imekunjwa, usiufunge, maana utakufunga chini ya mashine.

Kuhusu ukataji wenyewe, mmoja wetu alisema “kufyeka” na Mjomba akamkatiza. Kufyeka ni kuondoa, alisema. Hapa nyasi zinapunguzwa, kama kinyozi anavyopunguza nywele. Tunawaachia walimu wetu mjadala huo, ingawa tunadhani ana hoja. Hakati zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja: akitaka sentimita 4, anakata kabla hazijapita 6. Kisu butu huchana majani badala ya kuyakata, na baada ya siku chache uwanja huwa na rangi ya kahawia juu. Kila safari hupanda kidogo juu ya iliyotangulia ili yasibaki masharubu, na kila wiki hubadilisha mwelekeo. Ile mistari mizuri ya kijani kibichi na kijani kilichokolea hailetwi na kisu. Rola huyalaza majani huku na huku, na mwanga hufanya yaliyobaki.

Saa tano wakatoa mashine ya pili. Mwenzetu akakaa, akawasha visu, akajiinua. Injini ikaendelea kunguruma.

Mjomba akaizima mwenyewe na kupiga simu. Watoto walikuwa na mechi saa nane mchana, na tulimsikia msimamizi akiuliza kama haiwezekani kumalizia uwanja ule mmoja tu. Mjomba alijibu kwa upole kwamba haiwezekani, akautia ufunguo mfukoni kwa ule mkono wa kulia.

Mashine iliyobaki ilimaliza uwanja mmoja na nusu ya mwingine. Mechi ilichezwa hivyo hivyo. Kila mpira ulipoingia upande wenye nyasi ndefu ulisimama ghafla, na watoto wakaangukiana wakicheka. Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi, akinywa chai.