Supu ya Kabichi na Haki ya Jirani

Mtume Muhammad (s.a.w.) alimwusia Sahaba wake Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi auzidishe maji, na awakumbuke jirani zake. Wasia huu, uliopokewa na Imam Muslim, wamhusu kila mwenye chungu jikoni, hata mwenye sufuria ya presha.

Sufuria hiyo si kitu kigeni cha kuogopwa. Aliyeibuni ni Mfaransa Denis Papin, mwaka 1679. Mvuke ukizuiwa ndani, maji huchemka kwa joto la nyuzi 120 hivi badala ya 100. Basi nyama ngumu ya kuchemshwa saa mbili hulainika kwa dakika 40. Arejeaye kazini baada ya Alasiri huwahi Magharibi, na mkaa husalia.

Twaa nusu kilo ya nyama halali ya ng'ombe yenye mfupa. Kaanga kitunguu, tia thomu na tangawizi iliyopondwa, nyanya mbili, nyama, chumvi, pilipili manga na vikombe sita vya maji. Vyote visipite theluthi mbili za sufuria. Hakikisha tundu la mvuke li wazi, kisha funga. Mvuke ukitoka kwa nguvu, punguza moto, uhesabu dakika 40. Epua, uache presha ishuke yenyewe. Usilazimishe kifuniko kamwe, kwani mchuzi utaruka na kuunguza, na watoto hawako mbali.

Kabichi haitiwi mwanzo. Ikipikwa mno hurojeka na kunuka. Ukiisha kufungua, rudisha sufuria motoni bila ya kifuniko, upike karoti na viazi. Vikikaribia kuiva, tia nusu ya kabichi iliyokatwa nyembamba kwa dakika nane, umalizie kwa ndimu.

Huenda ukauliza: sufuria isiyotaka kujazwa, maji yatazidishwaje? Yazidishe sasa, kifuniko kikiwa kimeondoka. Mchuzi wa mfupa ni mzito. Wavumilia vikombe viwili vya maji ya moto, na kabichi hujaza bakuli. Nyama ni ile ile, lakini amepatikana mlaji mwingine.

Harufu ya supu huvuka ukuta bila ya kubisha hodi. Basi kabla hamjaketi mkekani, mpe mwanao bakuli lililofunikwa alipeleke kwa jirani, hata kama si Mwislamu. Bakuli hilo litamfunza mtoto haki ya jirani kuliko maneno mengi.